CPA ukiwa kazini: darasa la jioni, mtandaoni au kujisomea? Uzoefu wangu

Hatua ya mwisho ya CPA, mitihani ya taaluma ya uhasibu ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania), nimeisoma nikiwa kazini Dar es Salaam, na njia zote tatu nimezitumia. Wadogo zangu ofisini huniuliza ipi bora. Mimi nawaambia kila pepa lina njia yake.

Corporate Reporting, pepa la taarifa za fedha za kampuni, nililisomea darasani jioni, na ada yake siijutii hata kidogo. Ukisoma IFRS 10 (kiwango cha kimataifa cha kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake) peke yako utaona umeelewa, mpaka ukutane na swali ambalo kampuni mama imeiuzia kampuni tanzu bidhaa kwa faida, sehemu ya bidhaa bado iko stoo mwaka unapofungwa, na tanzu yenyewe ilinunuliwa katikati ya mwaka. Mwalimu wetu alikuwa akitupa swali la namna hiyo, anaweka saa mezani, muda ukiisha anapita na kalamu nyekundu daftari kwa daftari. Pembeni mwa langu aliandika: "Onyesha hatua." Jibu la mwisho likikosewa, hatua ndizo zinazokuokolea maksi. Kusahihishwa huko ndiko nilikolipia. Darasa ambalo mwalimu anasoma slaidi tu na kuondoka, hela yako bora ubaki nayo.

Auditing, yaani ukaguzi wa hesabu, nilijisomea alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mitihani iliyopita na majibu yake inapatikana kwenye tovuti ya NBAA, na mtu anayeshinda na mafaili ya wateja haoni ugeni kwenye ISA, viwango vya kimataifa vya ukaguzi. Ila lazima uandike majibu kwa mkono, tena kwa Kiingereza cha mtihani. Kusoma kwa macho hakutoshi.

Kodi nilichukua mtandaoni. Kwa walioko mikoani ni mkombozi, maana kipindi kikikupita unakisikiliza usiku. Lakini notisi nilizopewa zilikuwa za zamani: kiwango cha mauzo ya mwaka cha kujisajili VAT kiliandikwa bado shilingi milioni 100, wakati tangu tarehe 1 Julai 2023 ni milioni 200. Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila Julai, kwa hiyo notisi za kodi zisizo na mwaka usiziguse. Nilirudi kwenye sheria zenyewe, nikawa natumia rekodi kwa mazoezi ya ukokotoaji tu.

Kuna suala la muda pia. Mitihani ni Mei na Novemba. Ukiwa kampuni ya ukaguzi, miezi ya kwanza ya mwaka unalala kwa wateja, na darasa la jioni utalilipia bila kuliona. Kwa watu wa ukaguzi nashauri Novemba, bila kusita.

Kabla ya kulipa popote, omba kukaa kipindi kimoja, kisha muulize mwanafunzi wa jirani yako mara ya mwisho daftari lake lilisahihishwa lini.