Samaki wa kopo: umle baridi na limao au umkaange?

Mi nakaa Moshi na huu ubishi naujua vizuri. Kumla moja kwa moja toka kwenye kopo sio kosa, ameshaivishwa humohumo kiwandani, ndo maana hadi mifupa inatafunika, na kalsiamu iko hapo usiitupe. Mkate, limao, pilipili mbuzi, dakika mbili umemaliza. Shida ni shombo, kama hujazoea utalisikia hadi jioni.

Kukaanga sasa, hapo ndo mi nipo. Vitunguu na nyanya nachukua soko la Mbuyuni, naacha kitunguu kiwe kahawia kabisa, tangawizi, saumu, nyanya ikishaachia mafuta ndo namwaga kopo zima na rojo lake, nageuza mara mbili tu maana ukikoroga sana inakuwa uji, limao nakamua nikishazima moto. Shombo linabaki kidogo la kunogesha, ugali unashuka wenyewe, hata ndizi za kuchemsha. (Chukua wale wa nyanya, wa mafuta waachie mkate.) Ila fungua madirisha aisee, mara ya kwanza mama mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza napika nini, akaondoka na bakuli.