EF-S 17-55 au 15-85: lenzi ipi imfae mpigapicha wa harusi Moshi?

Mpigapicha wa Moshi mwenye kamera ya Canon ya kihisi cha APS-C (kidogo kuliko cha fremu kamili), akishaichoka lenzi ya 18-55 aliyouziwa pamoja nayo, mara nyingi hubaki na chaguo mbili: EF-S 17-55mm f/2.8 IS USM ya mwaka 2006, na EF-S 15-85mm f/3.5-5.6 IS USM iliyotoka mwaka 2009. (Milimita zikiwa ndogo lenzi huona upana zaidi, zikiwa kubwa huvuta karibu; namba ya f ni uwazi wake, na ikiwa ndogo hupitisha mwanga zaidi.) Nimezitumia zote mbili, na kwa maoni yangu anayeishi kwa kazi za sendofu na harusi za usiku achukue ya kwanza, ingawa kwa mchana ya pili ndiyo inayonipendeza.

Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini 15 huona takribani digrii 84 na 17 huishia kwenye 78. Katika sebule ya wazazi wa bibi harusi, mpigapicha akiwa ameshagota ukutani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashangazi wawili wa pembeni watakuwamo pichani. (Wakiwamo, asiwaweke ukingoni kabisa, kwani upana huo huvuta nyuso na lawama zitamfuata yeye.) Nayo 85 huusogeza Kibo, kilele cha Kilimanjaro, vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika.

Mambo hubadilika ukumbini. Ndafu (mbuzi mzima aliyechomwa) inapoingizwa, majani mdomoni, huku wabebaji wakicheza na taa zikiwa zimepunguzwa, f/5.6 ya 15-85 iliyovutwa hadi mwisho hupitisha robo tu ya mwanga unaopita kwenye f/2.8. Pale ambapo 17-55 inapiga kwa sehemu ya 1/125 ya sekunde, mwenzake analazimika kushuka hadi 1/30, na mikono ya wachezaji inageuka ukungu. Mfumo wa kutuliza mtikisiko (IS) umo katika lenzi zote mbili, lakini unatuliza mkono wa mpigapicha, haumtulizi anayecheza. Flashi ya kuelekeza darini nayo ina shida yake katika kumbi zetu, maana mwanga hurudi umebeba rangi ya vitambaa vya mapambo.

Ubaya wa 17-55 ni kwamba ina gramu 645 dhidi ya 575, haiji na kifuniko cha kuzuia jua, na haikuzibwa dhidi ya vumbi, wakati bomba lake hutoka nje kila inapovutwa. Kwa barabara za vumbi za kiangazi, chujio cha milimita 77 kikae mbele muda wote.

Anayenunua iliyokwisha kutumika aimulike kwa tochi kutoka nyuma kutafuta kuvu, kisha aiwashe ile swichi ya kutuliza mtikisiko na kupiga picha kadhaa kwa 1/15 kabla ya kutoa fedha. Punje chache za vumbi ndani hazionekani pichani, ila ni sababu nzuri ya kuomba apunguziwe bei.