Benzi la mtumba: lipi ununue, lipi uliache yadi

Wiki iliyopita jamaa yangu alinitumia picha ya S-Class, Benzi la daraja la juu, ya mwaka 2003, nyeusi tii, viti vya ngozi, bei yake sawa na ya Vitz iliyotoka bandarini juzi. Chini ya picha kaandika neno moja: "Nichukue?" Nikamwambia asubiri. Jibu lenyewe limekuwa refu kuliko alivyotaka, na S-Class yake nimeipangia nafasi yake huko chini kabisa.

Tuanze na kinachowachanganya watu, yaani jina. Carl Benz wa Mannheim aliandikisha hataza namba 37435 ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Watu hawakulichangamkia. Agosti 1888 mkewe, Bertha, akalichukua bila kumwambia mumewe, akapakia wanawe wawili na kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilomita zipatazo 100. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, maana vituo vya mafuta havikuwapo. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika, fundi viatu akazigongea ngozi. Kwa hiyo fundi wa kwanza wa Benzi njiani alikuwa mama mwenye pini.

"Mercedes" ni jina la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler. Kampuni mbili hizo, ya Benz na ya Daimler, ziliungana mwaka 1926. Zama za vita kuu ya pili viwanda vyake vilitumia vibarua wa kulazimishwa, na kampuni yenyewe imelikiri hilo. Baada ya vita ndipo sifa tunayoijua ilipojengwa: mwaka 1959 bodi iliyobuniwa ijikunje mbele na nyuma wakati wa ajali ili abiria wabaki salama, mwaka 1978 breki za ABS, zinazozuia magurudumu kujifunga, kwenye S-Class. Halafu kuna teksi. Makumbusho ya Mercedes pale Stuttgart yana 240D ya dereva teksi wa Ugiriki iliyotembea kilomita milioni 4.6. Siyo laki, ni milioni.

Kwetu sifa hiyo ilikuja na harufu nyingine. Baada ya uhuru, wakubwa walipoanza kupita vioo vimepandishwa, watu wakawatungia kabila: Wakamba, Wachaga, Wabenzi. Neno hilo limesafiri mpaka kwenye vitabu vya Wazungu, lakini maana yake ilibaki ya huku huku, na mpaka leo ukishuka kwenye Benzi la mwaka 1998 lenye madeni ya gereji, mtaani bado unaitwa bosi.

Shida ni kwamba sifa iliyochumwa na gari moja huuzia gari jingine. Miaka ya mwisho ya tisini Mercedes iliteleza. Mwaka 1997 A-Class mpya ilipinduka kwenye majaribio ya gazeti moja la magari la Sweden, ikabidi kampuni isimamishe mauzo na kuongeza mfumo wa kuzuia gari kuyumba. E-Class ya zama hizo, W210, ikaota kutu kama bati la uani. Kisha ikaja ndoa na Chrysler ya Marekani, 1998 hadi 2007, ambayo haikumnufaisha yeyote. Na mwaka 2020 Daimler, kampuni mama ya Mercedes, ilikubali kulipa mamlaka za Marekani dola takriban bilioni 1.5 kwa mambo ya moshi wa dizeli. Kwa hiyo mtu akikwambia "Benzi ni Benzi", muulize Benzi lipi.

Mafundi hawaulizi mwaka, wanauliza bodi, yaani toleo la gari. Utaijua kwenye namba ya chesisi: magari mengi haya huanza na WDB au WDD, na tarakimu tatu zinazofuata ndiyo bodi yenyewe. WDD204 ni W204. Dalali akishindwa kukutumia namba hiyo, usipoteze nauli.

Mimi nayapanga kwa kuangalia kitu kimoja: gari linavumilia vipi gereji zetu. Uzuri wa gari barabarani hauhitaji ushauri wangu.

1. W204, kuanzia 2011

C-Class, yaani C180 au C200, yenye taa za mbele zilizobadilishwa na dashibodi mpya. Ukubwa wake unatosha familia, spea mpya na za mtumba zipo, na fundi aliyewahi kuigusa hakosekani mjini. Hili ndilo Benzi la kwanza la mtu anayefanya kazi.

Lakini W204 ina cheni. Injini ya 1.8, iwe ile ya Kompressor ya miaka ya mwanzo au ile ya turbo iliyofuata, cheni yake ya taimingi hurefuka na kula meno ya gia za juu, hasa kama mwenye gari alikuwa akibadili oili akikumbuka. Ikiruka meno, vali zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Mwaka juzi nilikwenda na fundi mmoja mzee kuangalia C200 Kompressor ya 2008. Dalali alisema mwenye gari amesafiri, gari halijawashwa tangu juzi. Mzee hakufungua mlango wala hakutazama rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Limepashwa hili, mwanangu. Twende zetu." Tukarudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu, tukamwomba mlinzi amwamshe kijana wa funguo. Lilipowashwa, kwa sekunde tatu hivi injini ililia kama mtu anayetikisa kopo la misumari, ikanyamaza, ikatulia kabisa. Dalali alipofika akasema ni baridi tu. Dar es Salaam, mwezi wa pili.

Basi hiyo ndiyo kanuni ya W204: iwashe ikiwa imelala usiku kucha. Ukisikia lile kopo, hesabu bei ya cheni na gia zake ndani ya bei ya gari, au uondoke. La pili ni kufuli la usukani, ambalo ni la umeme na lina kimota kidogo ndani. Kikifa, unachomeka ufunguo, dashibodi kimya, usukani umejifunga, nawe uko sokoni na nyanya mkononi. Linatibika, ila siyo kwa kila fundi umeme, kwa hiyo muulize mwenye gari kama limewahi kubadilishwa. Na gari lililotoka Uingereza lipandishwe juu, utazame fremu ya nyuma kwa chini, maana chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inakula chuma polepole.

2. W124

Hapa moyo umesema kabla ya kichwa, sikatai. Lilitoka 1984, saluni ikakoma 1995, na mlango wake ukiufunga unatoa ule mlio mmoja mzito ambao magari ya leo yanauigiza kwa spika. Waipa yake ni moja tu, na ikifika pembeni ya kioo hujinyoosha kufuta kona, kisha hujivuta. Nimewaona watoto wakiomba mvua inyeshe ili waione.

Sababu ya kuliweka la pili ni kwamba likiharibika linakwambia. Mngurumo wa injini ukiyumba gari likiwa limesimama, na taa ya ABS ikiwaka kwa pamoja, mafundi wazee huenda moja kwa moja nyuma ya betri, kwenye rilei ndogo ya rangi ya fedha yenye kifuniko chekundu. Mara nyingi ni fyuzi yake tu, au lehemu ya ndani imeachia. Hakuna mashine ya kupima, hakuna programu.

Angalizo kubwa ni za mwisho, za kuanzia kama 1993. Mercedes ilitumia nyaya ambazo maganda yake hubanjika kwa joto la injini mpaka shaba ikabaki uchi. Gusa waya karibu na injini na uupinde kidogo: ukivunjika kama biskuti, unahitaji nyaya mpya zote za injini, na hiyo ni pesa. Fundi naye umpate kwanza, kabla ya gari. Vijana wengi hawajawahi kushika mfumo wa mafuta wa 230E, mojawapo ya W124 hizi, wataurekebisha kwa bisibisi mpaka gari linywe kama lori. Usilinunue kama ndilo gari pekee nyumbani.

3. W212

E-Class ya 2009 hadi 2016. Kwa nafasi, utulivu na safari ndefu, hii hailinganishwi na C-Class. E250 za mwanzo zina injini ile ile ya 1.8 tuliyoisema, kwa hiyo kopo la misumari linahusika hapa pia, na bodi ni nzito zaidi. Tafuta ya baada ya 2013, yenye uso mpya, ambayo E250 yake imepewa injini ya 2.0. Shokapu, bushi na taa zake ni bei ya mkubwa. Kama bajeti yako imeishia kwenye kununua, rudi namba moja.

4. W205

Kwa Kenya, ambako gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia, ukiagiza C-Class kutoka Japani au Uingereza leo itakuwa hii au iliyoifuata. W204 utaipata tu kwa mtu aliyekwisha kuiingiza. Kwa Tanzania, gari la zamani linaingia, ila umri unaongeza kodi, basi weka namba zako kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata senti.

Ni gari zuri, na ndani pamependeza kuliko W212. Nimeiteremsha mpaka nne kwa sababu ya matairi. Nyingi zilikuja na yale magumu yanayotembea bila upepo, rimu kubwa, na butini hakuna tairi la akiba. Kwenye lami ya Stuttgart ni sawa. Kwenye shimo la Morogoro Road usiku wa mvua, tairi likipasuka ubavu unalala hapo. Ukiinunua, siku hiyo hiyo tafuta tairi la akiba na jeki.

5. W203

C-Class iliyoitangulia W204, ila ya 2004 kuendelea tu, baada ya kufanyiwa marekebisho. Ni ya bei nafuu, na ndiyo mlango wa wengi kuingia ukoo wa nyota. Kagua kutu kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Gia boksi yake ya gia tano ni imara, ila soketi ya waya ubavuni huvuja oili, na oili hiyo hupanda ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Kifaa chenyewe ni cha plastiki na bei yake ni ndogo. Mtu akikwambia "gia boksi imekufa", mwombe kwanza achomoe soketi mkaitazame.

Hizi ziache hapo hapo

A170 na B170 zimejaa yadi kwa sababu Japani walizinunua sana. Injini imelazwa chini ya sakafu, na kazi nyingi za kawaida zinataka ishushwe kwanza. Gia boksi yake ya mkanda nayo kompyuta yake husumbua, na fundi wa kuifungua vizuri ni wa kutafutwa kwa tochi.

W211 ya kabla ya 2006 ina breki za umeme zinazoitwa SBC. Pampu yake huhesabu kila ukikanyaga, na hesabu ikifika kikomo inadai ibadilishwe. Mwaka 2004 kampuni iliyaita magari 680,000 kuyakagua kwa sababu ya mfumo huo, na miaka miwili baadaye ikaachana nao kwenye E-Class. Za 2007 hadi 2009 sina ugomvi nazo mkubwa.

Na sasa S-Class ya jamaa yangu, W220. Lilipotoka 1998 lilikuwa gari la marais, na linaketi juu ya mifuko ya upepo badala ya springi. Mifuko ile ni mpira, na mpira wa miaka ishirini na zaidi unachanika. Ukianza kuvuja kidogo tu, kompresa inafanya kazi usiku na mchana kujazia, mpaka nayo inaungua. Ndiyo maana unauziwa kwa bei ya Vitz: bei ya kununua ni ya Vitz, bei ya mguu mmoja wa mbele ni ya S-Class.

Lakini najua ameshalipenda, na mtu aliyependa haelezeki. Basi aende Jumamosi kabla jua halijapanda, kabla dalali hajafika kuliwasha na kulinyanyua. Asiguse kitu. Achuchumae mbele atazame nafasi kati ya tairi na fenda, kulia na kushoto. Likiwa limelalia upande mmoja kama ngamia aliyekataa mzigo, anipigie picha nyingine anitumie, na safari hii hatahitaji kuandika neno chini yake.