Hati au maabara: kipi kitakwambia mchoro wa karne ya 18 umetoka wapi?

Ukikutana na mandhari ya Venice inayodaiwa kuwa ya mchoraji Canaletto (1697–1768), uanze na hati za umiliki au uipeleke maabara? Ubishi huu hauishi.

Kwa gharama, hati zinashinda mwanzoni. Kugeuza fremu ukasoma mihuri na lebo za mnada hakuhitaji mashine. Ila kufukua kumbukumbu za zamani kunakula muda, na mtaalamu naye hafanyi kazi bure.

Kwa uhakika, mambo yanachanganyika. Maabara ni kali katika kukataa: rangi nyeupe ya titani ilianza kuuzwa karne ya 20, hivyo ikikutwa kwenye tabaka la asili, si la ukarabati, mjadala umekwisha. Lakini haimtengi kirahisi Canaletto na mpwa wake, Bernardo Bellotto, aliyejifunza katika karakana yake na baadaye akajiita Canaletto vilevile huko Dresden na Warsaw. Hapo hati ndizo hung'ara: michoro ya Canaletto ambayo Joseph Smith, aliyewahi kuwa konsuli wa Uingereza huko Venice, alimuuzia Mfalme George III wa Uingereza mwaka 1762 ina njia inayofuatika. Hati nazo hughushiwa, bila shaka.

Usalama wa mchoro? Karatasi haziugusi, vipimo vingine huhitaji punje ya rangi, ingawa eksirei haikwangui kitu.

Unauza? Anza na hati, maana mnunuzi ataziulizia. Umerithi mchoro usio na karatasi? Maabara kwanza. Mnabishania mjomba au mpwa? Mtahitaji vyote viwili, pamoja na jicho la mtu aliyezitazama kazi zao kwa miaka.