ESP32 au Raspberry Pi kwa pampu ya shamba la zabibu?

Wadau mnaotaka kufunga umwagiliaji wa kujiendesha huko Hombolo au Makutupora, Dodoma, kwa kuwasha na kuzima pampu tu mi nasema chukua ESP32 (bodi ndogo ya kielektroniki ya kuendesha vifaa) usijiumize kichwa. Ukiwasha ulinzi wake bodi inakagua kwanza saini ya kidijitali ya programu ndo iiendeshe, na vilivyomo kwenye flashi (memori yake) vinasimbwa, yaani vinafichwa kwa msimbo, kwahiyo hata mwizi akiondoka na boksi hapati nywila zako kirahisi. Ila zile fyuzi za ndani ya chipu zinazofunga ulinzi huo ukishazichoma hakuna kurudi nyuma, poteza funguo za kusaini programu uone! Ikilala inakula umeme kiduchu mno, sola ndogo inaitosha bodi yenyewe.

Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta kamili ila ndogo, tamu ukitaka kamera isome magonjwa ya majani, maana ESP32 ya kawaida ina RAM ya KB 520 tu. Shida memori kadi inachomoka, kama hujaisimba mtu anaisoma kwenye laptopu yake, na umeme ukikatika ghafla inaweza kufa.

Hela ikiruhusu ningefunga zote, Pi ishauri tu, ESP32 ndo iamue, na modeli (programu ya Pi inayosoma picha za majani) ikiwa haina uhakika au sensa ya unyevu ikikataa basi pampu isiwake.