Miguu bandia miwili: fundi aliniuliza nataka urefu gani

Nimeivaa miezi kumi na moja sasa, yote miwili, chini ya goti. Soketi, yaani vikombe vinavyoshika vigutu, ni za polipropilini, ile plastiki inayotiwa kwenye oveni mpaka ilegee, kisha inavutwa juu ya umbo la plasta la kigutu chako. Mimi ni fundi cherehani, kupima watu ndiyo kazi yangu, na nilipomwona yule kijana anayetengeneza miguu akishika futi nikatulia. Hana papara. Kushoto kulikaa siku ileile. Kulia kulinichubua kwenye muundi, nikarudi mara tatu ndipo akaipasha soketi moto na kuipanua. Ukienda, dai soksi za ziada: jioni kigutu hunywea na mguu unaanza kucheza.

Sasa lililonifanya niandike. Aliyekatwa mguu mmoja hupimiwa ule uliobaki. Mimi sina wa kulinganishia, akaniuliza, "Fundi, tukuweke urefu gani?" Kwenye daftari langu la vipimo nipo, sentimita 162. Nikamwambia 167. Akacheka, akanionya kwamba kadiri unavyopanda ndivyo unavyoyumba, akaniwekea.

Mke wangu alinitazama juu mpaka chini: "Huyu si wa kwangu." Mwanangu akauliza, baba, huo si udanganyifu? Nikamjibu kwamba nimeshona makoti ya pedi mabegani miaka ishirini na hakuna aliyenishtaki. Lakini swali lilinikaa. Pistorius mwenyewe, mkimbiaji wa Afrika Kusini mwenye miguu bandia miwili kama mimi, Oliveira wa Brazili alipompita kwenye mita 200 za Paralimpiki, michezo ya walemavu, London mwaka 2012, alilalamika kwamba miguu ya mwenzake ni mirefu mno. Kule wanariadha wasio na miguu yote miwili wana kikomo cha urefu. Sawa, wanagombea medali. Mimi nampora nani, kwa sentimita tano?

Cherehani ndiyo iliyokataa. Pedeli siihisi tena, naifuata kwa sikio, na magoti yalivyopanda yakawa yanagonga ubao wa meza, ko, ko, mpaka mdundo unanipotea. Mishono ya wateja ikaenda upogo. Nikarudi karakana, kijana akakata bomba linalounga soketi na wayo, sentimita tatu kila upande, hakunitoza hata shilingi.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya mguu wa kulia. Sentimita mbili nimebaki nazo, na suruali zote nimefumua pindo.