Darasa la Jioni la Kiingereza cha Wageni, Mkomani, Lamu

Hatua chache kutoka usita wa mui, yaani njia kuu ya mji wa Lamu, katika mtaa wa Mkomani, kuna darasa la jioni linalofunza Kiingereza watu ambao tayari wanakijua: manahodha, waongozaji wa watalii, wahudumu wa mikahawa na wasimamizi wa nyumba za wageni. Sote tuliosoma shule za Kenya tulifunzwa Kiingereza cha Uingereza, kwa hivyo Mwingereza akija hatusumbui sana. Anayetubabaisha ni Mmarekani, ambaye naye huondoka akidhani kwamba sisi ndio tusiojua lugha. Darasa hili limelenga pengo hilo, na kwa maoni yangu linafaa kuliko kozi za matamshi zinazotangazwa kila mahali.

Mwalimu hapotezi muda kwenye tahajia. Alitueleza kwa ufupi kwamba kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilisaidia sana kuimarisha “color” na “center” huko Marekani, kisha akaingia moja kwa moja penye hasara. Jioni niliyoifurahia zaidi aliweka mezani sahani ya viazi vya kukaanga vilivyotoka jikoni wakati uleule, kando yake pakiti ya krisps, akawaita wahudumu wawili waigize. Aliyejifanya mgeni kutoka Chicago aliomba “chips”, akaletewa viazi vya moto, akavirudisha kwa ghadhabu akitaka pakiti, na hapo nahodha mmoja mzee akasema kutoka nyuma kwamba mtu wa kuacha viazi vya moto kwa ajili ya mfuko wa hewa asomewe dua. Mhudumu mwingine alisimulia jinsi mgeni alivyomwomba “check” baada ya kula, naye akakimbia kwa tajiri wake kuuliza kama mkahawa unapokea hundi, kumbe Mmarekani wa watu alikuwa anataka bili tu.

Somo lenye faida kubwa zaidi lilihusu vyumba na tarehe. Nyumba zetu za mawe zina ngazi kali, na Mwingereza akiandikiwa kwamba chumba chake kiko “first floor” huelewa kwamba atapanda, ilhali Mmarekani huelewa kwamba kiko chini, usawa wa mlango wa kuingilia, kwa kuwa kwao hesabu ya ghorofa huanzia hapo. Mwenye magoti mabovu akifika na kukuta ngazi, lawama humwangukia msimamizi. Tarehe ni hatari zaidi: 7/4 kwa Mwingereza ni tarehe 7 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Julai, yaani sikukuu yao ya uhuru, kwa hivyo nahodha asiyeuliza anaweza kumngojea kwenye mvua za masika mgeni ambaye atafika wakati wa kusi. Mwalimu anasisitiza kwamba jina la mwezi liandikwe kwa herufi kila mara, na ushauri huo peke yake unarudisha ada.

Kuhusu bakshishi, tulielezwa kwamba mhudumu wa Marekani hutegemea takriban asilimia 15 hadi 20 ya bili, na kwamba Uingereza asilimia 10 au 12.5 inatosha na mara nyingi huwa imeshaongezwa. Sifa nazo zina vipimo vyake. Mwingereza akisema samaki ni “quite good”, mpishi asianze kujigamba, kwani huenda anamaanisha kwamba analika tu. Mmarekani kwa maneno hayohayo humaanisha kwamba ni mtamu hasa.

Kasoro zipo. Mwalimu anawapendelea Waingereza waziwazi, hata mifano ya Kimarekani mara nyingine huitoa kwa kejeli. Vipimo vilipitiwa mbiombio, ingawa watu wa mashua walitaka kujua kwa nini galoni ya Marekani ni kama lita 3.8 na ya Uingereza ni 4.5, na waongozaji walihitaji mazoezi ya kugeuza joto, kwa mfano kwamba nyuzi 86 za Fahrenheit ni 30 za Selsiasi. Nakala za karatasi zimefifia, na feni ni moja kwa chumba kizima.

Ada ni shilingi 300 kwa kipindi, kwa M-Pesa au taslimu. Vipindi huanza baada ya sala ya isha, na wiki ya Maulidi darasa hufungwa.